Jina limefichwa, mtu anajulikana: watoa taarifa wa Tabora na Kigoma

Tangu 2015 Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Inamkinga mtu anayepeleka kwa mamlaka husika, kwa nia njema, habari za uhalifu au ubadhirifu. Inataka utambulisho wake usitolewe, na inakataza kumlipizia kisasi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 nayo ina vifungu vya namna hiyo, na kuipigia TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113 ni bure. Kwenye karatasi, kazi imefanyika. Lakini Urambo, Kaliua au Kasulu, anayejua siri ya ofisi ni mmoja kati ya watu wachache wanaofahamiana hadi majina ya watoto. Huko kinachomtaja mtu ni taarifa yenyewe, hata jina lisipoandikwa.

Tuchukue AMCOS ya tumbaku, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Mkulima anachukua mbolea na mbegu kwa mkopo kupitia chama, anakausha tumbaku yake kwenye bani (banda la kukaushia), anaipanga kwa madaraja ya ubora, anaifunga marobota, na soko likifika deni linakatwa kabla hajaona fedha yake. Wizi hujificha katikati ya hatua hizo. Mkulima aliyepokea mifuko 7 ya mbolea anaandikiwa 10. Mkulima hewa anapewa pembejeo. Kilo za mwenye deni zinauzwa kwa namba ya mtu mwingine. Na kwa kuwa mkopo ni wa chama, pengo hilo linazibwa kwa jasho la mkulima aliyekwisha kulipa.

Daftari la mgawo wa pembejeo huonwa na watu watatu au wanne: mwenyekiti, meneja, karani, mtunza ghala. Karani akiandika barua isiyo na jina yenye tarehe, namba za hati na jumla zilizo sawa hadi shilingi ya mwisho, mwenyekiti atahesabu kwa vidole na kabla ya jioni atakuwa na jibu. Kadiri taarifa inavyokuwa kamili ndivyo inavyomwanika aliyeitoa. Washauri wengi wanakosea hapa hapa, wanapomwambia mtu akusanye kila kitu kwanza ndipo aripoti.

Ushahidi uhamie kwanza kwenye mikono mingi. Kila mkulima ana stakabadhi yake ya pembejeo na karatasi yake ya mauzo. Wakulima 15 wakikaa wakalinganisha walichopokea na walichokatwa, ile mifuko mitatu ya ziada itajitokeza bila karani kufungua mdomo. Mkutano mkuu unaweza kudai taarifa ya ukaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, isomwe mbele ya wanachama, na Mrajis Msaidizi wa vyama vya ushirika wa mkoa aombwe kuchunguza. Karani abakiwe na kazi moja: kuwaeleza wachunguzi, kwa mdomo, wapi pa kutazama. Nao wachunguzi waombe madaftari yote ya misimu mitatu. Wakiingia ofisini na kufungua moja kwa moja ukurasa uleule wenye tatizo, wameshamtaja mtu.

Njia ya kufikishia taarifa nayo ina mitego. Laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo kununua laini mpya hakukufichi. Picha iliyopigwa kwa simu hubeba saa, na mara nyingi mahali. Mwenye steshenari ya mji mdogo anasoma anachokitoa kopi. Na kurusha habari kwenye kundi la WhatsApp si kupeleka kwa mamlaka husika. Ukidaiwa umesambaza uongo kwa makusudi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inakungoja.

Wanaopinga taarifa zisizo na jina wana hoja nzito, na si wote wenye cha kuficha. Uchaguzi wa bodi ukikaribia, barua ya namna hiyo ni silaha rahisi ya fitina. Sheria inamwadhibu anayetoa taarifa ya uongo kwa makusudi, lakini huwezi kumwadhibu usiyemjua, na mtunza ghala aliyesimamishwa kwa uzushi harudishiwi heshima yake kijijini. Kuna na hili lisilosemwa sana: asiyejulikana kabisa hawezi hata kulindwa. Akifukuzwa kesho, atathibitishaje kwamba chanzo ni taarifa aliyoitoa?

Kwa sababu hiyo naona njia iliyo bora ni jina kufichwa kwa umma lakini kujulikana kwa afisa mmoja, aliyeandika tarehe aliyoipokea taarifa. Barua isiyo na jina ipokelewe kama fununu ya kufuatilia, na mtu yeyote asisimamishwe kazi kwa hiyo peke yake.

Kisasi kikija, hakiji kwa sura moja. Mwajiriwa wa kampuni ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ambayo kifungu cha 37 hakikubali mtu aachishwe kazi kwa kutoa habari anayoruhusiwa na sheria kuitoa. Ana siku 30 tu za kupeleka shauri CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi huzimaliza wakiwatuma wazee kuomba radhi. Mtumishi wa umma lazima apitie kwanza ngazi za rufaa za utumishi. Yeye mara nyingi hafukuzwi, anahamishwa, na barua inasema ni mahitaji ya kazi. Nakala za tathmini zake nzuri ziwe nyumbani kabla hajasema neno. Mwanafunzi anayeombwa ngono ili afaulu anakingwa na kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa, lakini anayemlalamikia bado ndiye anayesahihisha mtihani; msaada wa kwanza ni karatasi yake isahihishwe na mtu mwingine.

Mwenye hali ngumu kuliko wote ni mkimbizi wa kambi kama Nyarugusu, Kigoma. Kutoka kambini kunahitaji kibali, kwa hiyo kwenda ofisi za TAKUKURU mjini ni safari ambayo wengine wataijua kabla hajaianza. Chakula, makazi na faili lake viko mikononi mwa watu walewale anaoweza kutaka kuwalalamikia. Kumwambia apige 113 hakutoshi. Wachunguzi wenyewe ndio waingie kambini, kwa ratiba iliyotangazwa, waulize maswali yaleyale kwa kaya 40 zilizochaguliwa kwenye mitaa tofauti, kila mmoja akihojiwa peke yake kwa muda unaolingana, hata kama kaya iliyowaleta ni moja tu.