Hatari haiishi siku ya kujifungua

Makala niliyoisoma imeeleza vyema hatari ya damu kuganda katika mishipa ya mjamzito, lakini imeishia siku ya kujifungua, ilhali hatari hiyo huwa kubwa zaidi katika wiki 6 zinazofuata. Wiki hizo ni takriban arobaini yetu, ambapo hapa Pemba mzazi hutunzwa ndani, hukandwa kwa maji ya moto na mara nyingi huambiwa asiinuke ovyo. Siipingi mila hiyo, kwani mapumziko na chakula kizuri humfaa. Ila kulala mchana kutwa, hasa kwa aliyejifungua kwa upasuaji, huipunguza kasi damu ya miguuni, hivyo ni heri atembeetembee humo humo nyumbani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, na aghalabu huwa wa kushoto, usichuliwe mafuta wala kukandwa, bali apelekwe hospitali upesi, kwa sababu bonge la damu likibanduka na kufika mapafuni, mzazi hubanwa na pumzi ghafla na anaweza kufariki.

Vilevile, anayeharibikiwa na mimba mara kwa mara, ambaye huku kwetu hukimbilia kuambiwa ana shetani, huenda ana maradhi ya kinga ya mwili yanayogandisha damu hadi kwenye kondo la nyuma. Kipimo cha damu huyabaini, na wengi huzaa salama kwa kutumia aspirini ya kiwango kidogo pamoja na sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo, tofauti na vidonge vya warfarini vya kazi hiyo hiyo, haivuki kondo kumfikia mtoto.