Ugumba wa wanaume na kanzidata za vinasaba

Ndoa ikikaa miaka bila mtoto, mke ndiye huzungushwa hospitali. Mume huja kupimwa mwishoni, tena kwa kubembelezwa, ilhali katika takriban nusu ya ndoa hizo tatizo limo pia upande wake. Ndiyo maana naunga mkono watafiti wanaosaka chanzo kwenye kanzidata za vinasaba, yaani hifadhi za taarifa za vinasaba vya watu wengi, ingawa si kwa namna yoyote ile.

Faida inaonekana kliniki. Mwanamume asiye na mbegu hata moja kwenye shahawa huenda amekosa kipande cha kromosomu Y, ile ya kiume. Kikikosekana sehemu inayoitwa AZFc, daktari bado anaweza kupasua korodani na kupata mbegu za kurutubisha yai maabara. Ikikosekana sehemu nyingine, AZFa, yote, upasuaji huo ni kumuumiza mtu bure na kummalizia akiba.

Shida ni kwamba kanzidata kubwa hazikuundwa kwa swali hili. UK Biobank ya Uingereza ina watu wapatao 500,000. Wanaume waliulizwa wamezaa watoto wangapi. Mbegu zao hazikupimwa. Kukosa mtoto na kuwa mgumba ni mambo mawili. Utafiti wa mwaka 2022 uliotumia takwimu hizo uliona kwamba wanaume wenye kasoro kwenye jeni fulani muhimu walikuwa na watoto wachache, lakini watafiti wenyewe wakaona huenda sababu kubwa ni kutopata mwenza. Tena kuna kasoro za kromosomu X ambazo mama hubeba bila shida, akazaa, kisha mwanawe akakosa mbegu. Mama huyo akiwa kwenye kanzidata ya watu wenye afya, kasoro hiyo inaweza kudhaniwa haina madhara.

Kwetu hatari inaongezeka, maana wengi waliomo kwenye kanzidata hizo ni Wazungu. Badiliko la jeni lililo adimu kwao linaweza kuwa la kawaida Tanga au Kisumu. Mwanamume ataambiwa hicho ndicho chanzo, kumbe jirani yake mwenye watoto sita analo pia. Uganda imeshasoma vinasaba vya maelfu ya wanavijiji, kwa hiyo uwezo wa kuwa na kanzidata zetu upo.

Wanaosita kutoa damu ya kusomwa vinasaba nao wana hoja. Mwaka 2023 wadukuzi walichukua taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima vinasaba. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, lakini sheria haigusi jambo linalonisumbua zaidi: watafiti wakilinganisha vinasaba vya mgonjwa na vya wazazi wake, inaweza kubainika kwamba baba aliyemlea siye aliyemzaa. Familia hiyo ilikuja kutafuta mtoto.

Kwa hiyo ningeanza na wanaume walioko kliniki, ambao mbegu zao zimeshahesabiwa. Na kabla sindano haijaingia, kila mmoja, pamoja na wazazi wake, aulizwe kwa Kiswahili chepesi: jambo la namna hiyo likibainika, mnataka kuambiwa?