Kiwanda Kimoja kwa Siku Kinatosha

Safari nyingi za kuonja bia na vyakula huharibikia kwenye ramani kabla gari halijawashwa. Watu hupanga viwanda vidogo vitatu au vinne vya bia kwa siku moja, halafu migahawa inachomekwa palipobaki nafasi. Mimi nasema kiwanda kimoja kwa siku, tena jioni, na kiwe karibu na mahali pa kulala ili mrudi kwa miguu. Mchana uachieni chakula.

Hesabu ni hii. Glasi ya kuonjea hujazwa kati ya mililita 100 na 150. Ukiagiza nne za mililita 150, bia ya asilimia 6, umekunywa mililita 600 zenye gramu 28 hivi za kilevi chenyewe. Mwili wa mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Yaani hiyo "kuonja tu" inakaa mwilini saa tatu hadi nne, na kahawa, kuoga maji baridi au kusinzia kidogo havipunguzi hata dakika moja. Anayefika kituo cha pili baada ya saa moja anaongeza juu ya kilichopo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo cha kilevi kwa madereva kiwe gramu 0.05 kwa desilita ya damu, na 0.02 kwa madereva vijana. Ziko nchi zisizoruhusu hata tone. Kama lazima mwendeshe baada ya kuonja, dereva ateuliwe asubuhi na asiguse glasi siku nzima. Yule "aliyekunywa kidogo kuliko wenzake" si dereva.

Hata usalama ukiwekwa kando, ulimi nao huchoka. Uchungu wa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hujilimbikiza kinywani, na baada ya glasi mbili za IPA, bia yenye hopsi nyingi, laga nzuri itaonekana maji matupu. Ndiyo maana mpangilio una uzito: anza na laga au bia nyepesi ya ngano, fuata zenye hopsi nyingi, kisha nyeusi za kimea (nafaka iliyooteshwa) kilichokaangwa, na zenye kilevi kikali zije mwisho. Kati ya glasi na glasi kunywa maji.

Laga ya mwanzo isidharauliwe, kwa sababu haina pa kuficha kasoro. Ukisikia ladha ya siagi, mara nyingi uchachushaji uliharakishwa, hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi yake. Ladha ya boksi lililolowa maji ni ya bia iliyoingiwa na hewa au iliyozeeka. Siki kwenye bia isiyokusudiwa kuwa chachu huelekeza kidole kwenye mirija michafu kati ya pipa na bomba. Chama cha watengenezaji bia wa Marekani, Brewers Association, kinashauri mirija isafishwe angalau kila baada ya siku 14, kwa hiyo muulize mhudumu wa kaunta bila haya. Anayejua kazi yake atakujibu papo hapo. Itazame na glasi pia: viputo vikiganda kwenye kuta za ndani, chini ya povu, glasi haikuoshwa vizuri na bia haina kosa.

Bia ikiletwa baridi mno, harufu zinafungwa. Laga inapendeza kwenye nyuzi 4 hadi 7 za Selsiasi, bia nyeusi aina ya stauti 10 hadi 13. Ishike stauti viganjani dakika chache ndipo uinuse.

Kuhusu chakula, fika mapema kabla ya msongamano, penda mgahawa wenye orodha fupi, na ulizeni kilichopikwa siku hiyo. Agizeni sahani mbili mgawane, mbaki na nafasi tumboni. Jioni kiwandani msile vyenye pilipili kali pamoja na bia chungu, kwani uchungu na kilevi huzidisha ule muwasho. Vyakula vya mafuta vinaendana na bia yenye gesi nyingi, inayosafisha kinywa. Nyama ya kuchoma inapatana na bia nyeusi.

Kosa linalouma zaidi ni la kubeba chupa. Watengenezaji bia wana kanuni ya makadirio: siku 3 kwenye nyuzi 32 huizeesha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Buti la gari lililoegeshwa juani hupita nyuzi 32 bila shida, na zenye hopsi nyingi ndizo huharibika kwanza. Mwanga nao ni adui: chupa isiyo na rangi au ya kijani ikikaa juani, hopsi hutoa harufu mbaya upesi. Chagua kopo au chupa ya kahawia, soma tarehe ya kufungashwa, na weka kwenye boksi la barafu. Kama huna boksi, nunua asubuhi ya siku ya kurudi.