Nyama Nimeiacha, Kitambi Kimegoma Kuondoka

Ndugu zangu, mwenzenu nimeonewa. Nyama nimeiacha. Sisemi nimepunguza, nimeiacha! Mishikaki ya kona siigusi, supu ya asubuhi nimewaachia wenye nayo, na kwenye harusi ya mpwa wangu niliokota viazi kwenye pilau huku mashemeji wakinitazama kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Na kitambi? Kipo. Tena kimeongezeka.

Wengine wanaweza kujidanganya mpaka wapande mzani. Mimi ni fundi cherehani, futi ya kupimia inashinda shingoni. Kiuno kilikuwa nchi 36, sasa ni 39. Suruali niliyojishonea mwenyewe nimeshafumua mshono wa nyuma, kitambaa cha akiba nimekimaliza, kilichobaki ni kutia kiraka. Mteja mwenye tumbo akija huwa namwambia kwa adabu, "Bosi, hapa tutaacha nafasi kidogo." Mimi nani aniambie kwa adabu?

Maneno yalianzia zahanati. Presha ilikuwa juu, nesi akatoa maelekezo. Mke wangu, ambaye alijipeleka bila kualikwa, anadai nesi alisema nipunguze nyama nyekundu, nipunguze mafuta, nipunguze sukari, nipunguze wanga, halafu nitembee. Mimi nilisikia nyama. Feni ya mle ndani ina kelele sana.

Sasa niulizeni, nyama yenyewe niliyokuwa nakula ni ipi? Sahani ya wali nyama kwa mama ntilie ina vipande viwili, na kimoja ni mfupa. Kilichobaki ni mlima wa wali. Siku ya kwanza nilipomwambia, "Mama, leo nipe bila nyama," alinitazama kwa huruma, akadhani nimefulia. Akaongeza upawa wa wali. Akamwaga maharage ya nazi mpaka yakafika ukingoni. Akalaza na chapati juu, "Chukua mwanangu, usije ukaangukia cherehani." Kwa vipande viwili nilivyovikataa, nimelipwa fidia ya kiwanja.

Na hiyo chapati msiiangalie juujuu. Kijana wa pale nje ya ofisi yangu namwona kila asubuhi nikitia uzi kwenye sindano. Anasukuma donge, anapaka mafuta, anakunja, anasukuma tena. Anaitupa kwenye chuma, anazungushia kijiko cha mafuta pembeni, anageuza, anazungushia kingine. Akikufungia kwenye gazeti, kabla hujafika kwenye kiti unasoma habari za ukurasa wa pili bila kufunua. Lakini nitajieni mnyama aliyemo humo! Ngano ni mmea. Mafuta ni ya alizeti, na alizeti ni ua. Mihogo ya kukaanga ya saa nne imetoka ardhini. Bagia ni kunde, kachori ni kiazi, chipsi ni kiazi. Soda ni sukari, sukari ni muwa, na muwa ukiutazama vizuri ni jani lililorefuka. Mimi nala majani kutwa nzima, jamani, ng'ombe hanifikii.

Binti wa jirani anayesomea uuguzi ndiye aliyeanza kuniharibia hoja. "Shikamoo baba Zai. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ya wanga ina 4, na ya protini ina 4 vilevile." Sikumwelewa anataka nini. Akaendelea kwamba kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na mafuta ya alizeti na mafuta ya ng'ombe kwenye hesabu hiyo hayapishani. Kumbe tumbo haliulizi mafuta yametoka kwenye ua au kwenye nundu! Nikamwuliza karanga je, maana nazitafuna nikishona. Akasema gramu 100 za karanga zinapita kalori 550. Hizo gramu 100 mimi namaliza kwenye mkono mmoja wa shati.

Baba yake ndiye kero kubwa zaidi. Mzee ni Msabato, nyama hajaigusa tangu ujana, na nikimpima suruali futi inazunguka mpaka nahisi nimekosea. Siku hiyo alimtuma binti anionyeshe kwenye simu utafiti wa Wasabato wenzake wa Marekani na Kanada, unaofanywa na chuo kikuu chao cha Loma Linda, kule California. Kuna kipimo: unachukua kilo zako, unagawa kwa urefu wako wa mita, unagawa tena kwa urefu uleule. Ukifika 25 umezidi uzito, ukifika 30 una kiribatumbo. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2009 yalionyesha kwamba wasiogusa chochote cha mnyama walikuwa na wastani wa 23.6, na wala nyama 28.8.

Nikasema haya, tupige yangu. Kilo 84. Gawa kwa 1.68, inakuja 50 kamili. Gawa tena kwa 1.68. Simu ikaandika 29.8.

Yaani mimi, mla majani wa Mbagala, nimewapita wala nyama wa Marekani!

Mzee akacheka mpaka akashika mlango. Anasema yeye hula dona, mchicha wa kuchemsha na tunda, jua likizama jiko limefungwa, pombe hajui harufu yake, na kanisani anakwenda kwa miguu. Wale wa Marekani nao, eti, wengi hawavuti sigara na hawanywi. Sasa hiyo siyo kuacha nyama, hiyo ni kuacha dunia. Mimi nina shahidi wangu, mteja wa Kihindi kutoka Upanga, mtu wa mahekalu ya Kisutu, kazaliwa kwenye nyumba isiyopika nyama na hajaionja mpaka leo. Kiuno chake ni nchi 44. Anakuja na boksi la ladu za samli, ananikaribisha, tunakula tukisikitika pamoja.

Ila binti alisema jambo moja la maana. Mtu akiacha kabisa vitu vya mnyama ana hatari ya kukosa vitamini B12, kwa sababu haipatikani kwenye mimea. Nikamwambia, "Mwanangu, rudia hapo, taratibu." Akasema maini yanayo tele. Akaongeza kwamba hata mayai na maziwa yanayo, na chai yangu ni ya maziwa. Hapo nikapata tena shida ya kusikia, na feni haikuwepo.

Nikaenda nyumbani nimejaa elimu. Mama Zai siku hizi dumu la mafuta amelifungia kabatini, ufunguo uko kwenye pindo la kanga, mafuta yanatoka kwa kijiko cha chai. Nikamweleza habari za B12, damu, na mishipa ya fahamu. Akasikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akasema sawa baba Zai, Jumapili atanunua maini nusu kilo.

Atayachemsha.

Na chumvi, akasema, kidogo sana, kwa ajili ya ile presha. Nikamwambia asihangaike, mchicha unatosha.