Kanga iliyochanika na kanga iliyokunjwa

Shangazi yangu wa Ngamiani, hapa Tanga, ameniuliza swali ambalo halijanitoka kichwani. Mdogo wake amefariki kwa saratani ya ovari, yaani mifuko ya mayai ya uzazi. Miezi kadhaa kabla ya hapo tumbo lilikuwa likijaa, akishiba kwa matonge mawili na kwenda haja ndogo kila saa, naye alikuwa akipewa dawa za vidonda vya tumbo. Siku ya hitima, Shangazi akiwa anakunja kanga zake, akasema: "Mwanangu, wewe umesoma. Hili ni la ukoo? Mimi nina mabinti watatu."

Nilichukua doti iliyokuwa mapajani mwake nikamweleza kwa hiyo.

Karibu kila jeni, yaani agizo la urithi, tunalo mara mbili, moja la baba na moja la mama, kama vipande viwili vya doti. Jeni moja linalohusika na saratani hii, BRCA1, liko kwenye kromosomu (bunda la jeni) ya 17. Mtafiti wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha eneo lake mwaka 1990, likapatikana lenyewe 1994, na BRCA2 mwaka uliofuata. Kazi ya jeni hizi mbili ni kuunga DNA, yale maandishi ya urithi yenye herufi A, C, G na T, inapokatika. Anayerithi kipande kilichochanika huishi vizuri tu kwa kile kizima, mpaka nacho kiharibike ndani ya seli moja, mara nyingi kwenye ncha ya mirija ya uzazi. Huko ndiko saratani nyingi tunazoziita za ovari zinakodhaniwa kuanzia. Mwanamke wa kawaida ana hatari ya kama 1 katika 100 maishani mwake. Mwenye BRCA1 mbovu ni kama 40 katika 100.

Hiyo ni kanga iliyochanika. Sasa iko nyingine, nzima kabisa, imeandikwa "Wema hauozi" bila kukosa herufi, ila jina limekunjwa kwa ndani likatiwa uzi. Halisomeki. Kwenye seli, uzi huo ni methilesheni: vikonyo vidogo vya kikemikali vinavyonasa kwenye herufi C pale jeni linapowashiwa, nalo likanyamaza. Elimu ya alama hizi ndiyo epijenetiki. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulichunguza vivimbe 489 vya ile aina kali inayoonekana zaidi. Jeni jingine linalozuia saratani, TP53, lilikuwa limeharibika karibu katika vyote. BRCA1 au BRCA2 zilikuwa na kasoro ya herufi katika kama 22 kwa kila 100, na BRCA1 iliyonyamazishwa kwa methilesheni katika kama 11.

Wapenzi wa epijenetiki wana hoja tamu: kilichokunjwa hukunjuliwa. Dawa za kufuta alama zipo, azasitidini na desitabini, na zinatibu magonjwa fulani ya damu. Kwenye ovari zilijaribiwa ili kivimbe kilichozoea karboplatini, dawa ya kuua seli za saratani, kianze kuisikia tena. Jaribio moja dogo lilitia moyo, jingine likasimamishwa mapema kwa sababu halikusaidia. Mimi sishangai. Dawa hizi hazichagui kanga ya kukunjua, zinapita kabatini kote.

Tena kuna jambo ambalo matangazo ya "kusafisha jeni" hayaligusi. Olaparib, dawa ya saratani ya ovari iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, inafanya kazi kwa sababu kivimbe hakiwezi kujishona, yaani kuunga DNA yake iliyokatika. Kwa kivimbe cha namna hiyo, BRCA1 kukunjuka ni kukirudishia sindano mkononi. Imeonekana kwamba lazima vipande vyote vya jeni viwe vimefungwa ndipo dawa za namna hii zishike. Kimoja kikilegea uzi, mgonjwa hafaidiki. Kwa haki, hata iliyochanika hujishona: kivimbe kinaweza kupata badiliko jingine linalorudisha usomaji. Ila iliyokunjwa inahitaji jitihada ndogo zaidi.

Kwa mabinti wa Shangazi, tofauti ni kubwa. Mkunjo wa ndani ya kivimbe kwa kawaida haurithiwi. Mchaniko wa kuzaliwa nao hurithiwa, na kila mtoto wa aliye nao ana nafasi ya nusu kwa nusu. Mpaka huu nao si msafi sana. Mwaka 2018 watafiti wa Norway walionyesha kwamba wapo wanawake wenye BRCA1 iliyokunjwa hata kwenye chembe za damu zao, na hatari yao iko juu zaidi.

Kwa hiyo mimi nasema kipimo cha herufi za jeni kitangulie kile cha mikunjo. Jibu lake halibadiliki mwezi kwa mwezi na linawafaa watu wa nyumbani. Lakini wanaokisifu mno kipimo hiki nao wana deni. Hazina za data za jeni zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo mwanamke wa Pwani ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuambiwa "badiliko hili hatujui maana yake". Na akikutwa na badiliko lenye madhara kweli, afanyeje? Uchunguzi wa mara kwa mara haukuokoa maisha: Uingereza waliwafuatilia wanawake wa kawaida zaidi ya 200,000, kama nusu yao wakichunguzwa kwa kipimo cha damu cha CA-125 au ultrasaundi, na matokeo ya 2021 hayakuonyesha vifo kupungua. Kinachosaidia ni kuondoa ovari na mirija akishamaliza kuzaa, kwa BRCA1 kati ya miaka 35 na 40. Jaribu kumwambia hivyo binti wa miaka 24 ambaye posa yake imeletwa juzi.

Na yote haya yanasimama juu ya kinyama, kile kipande kinachokatwa kwenye uvimbe kwa ajili ya vipimo. Kikiachwa wiki nzima kwenye formalini (maji ya dawa ya kuhifadhia) mbaya, DNA hukatikakatika na herufi C huanza kusomeka kama T. Vipimo vya methilesheni vinavyotumika sana vinategemea kugeuza C hizohizo, kwa hiyo chupa moja mbovu inawapotosha wa pande zote mbili.

"Kinyama cha mdogo wangu kiliishia wapi?" Shangazi akauliza.

Nikamwambia kimehifadhiwa ndani ya nta, kipande kisichozidi kiberiti, na kama kiliwekwa vizuri bado kinasomeka.

Akaenda chumbani, akarudi na mkoba wa marehemu. Karatasi ya majibu ilikuwa imekunjwa mara nne. Namba ya sampuli ilikuwa juu kulia, kwa kalamu ya bluu.