Video ya mazoezi haifungi bandeji

Nimechoka kusikia kwamba mwanajeshi mstaafu aliyerudi kwao Bungoma au Siaya na mguu mmoja atumiwe tu video za mazoezi kwa WhatsApp. Tangu jeshi letu la Kenya, KDF, liingie Somalia Oktoba 2011, tunajua vizuri wanachorudi nacho vijana wetu. Matibabu ya mbali, kwa simu na video, wanayahitaji, ila yanahitaji mikono pale nyumbani.

Kigutu cha chini ya goti, yaani kipande cha mguu kilichobaki baada ya kukatwa, huharibiwa na huruma. Mke anaweka mto chini ya goti, mume anapata usingizi, na wiki chache baadaye goti limejikunja na halinyooki. Mguu wa bandia unakuwa taabu. Mtaalamu wa viungo aliye Kisumu hauoni ule mto, maana simu ikipigwa mgonjwa ameshaketi kitini.

Basi mke afundishwe kwanza, kwa Kibukusu au Dholuo ikibidi. Mto utoke. Mgonjwa alale kifudifudi dakika 15 hadi 20, mara 3 kwa siku. Kwa kikao cha video, simu iegemezwe kwenye kiti, kimo cha nyonga, hatua 3 kutoka kwake, na mwanga wa dirisha umpige kutoka mbele. Mguu wote uonekane kwa ubavu.

Ngozi ndiyo kazi kubwa. Tunafundishwa kutafuta wekundu, lakini kwa ngozi nyeusi na kamera ya simu ya bei nafuu, wekundu hauonekani. Msaidizi avue mguu wa bandia, apapase kigutu kwa mgongo wa kiganja, alinganishe na mguu mzima. Palipo na joto, pagumu au panapouma, na dakika 20 zikapita bila nafuu, mguu usivaliwe mpaka mtu akague ngozi kwa macho yake. Kigutu kioshwe jioni, maana kikioshwa asubuhi, ngozi yenye unyevu huvimba ndani ya mguu wa bandia.

Marekani huwaazima wastaafu wao tableti zenye intaneti. Ningefurahi tukizipata, lakini nazo hazina mikono.

Kwa ushauri nasaha, nakubali, simu inatosha, mradi kuwe na chumba cha faragha. Mtandao ukiyumba, zimeni picha mwendelee kwa sauti. Hata mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi, inafaa.

Wahamasishaji wa afya ya jamii tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Wapeni mafunzo ya kigutu, bandeji 2 za kukifunga na nauli. Siku ya miadi, mtaalamu ampigie mhamasishaji kwanza, aulize: umefika, umeuona mto?