Kariakoo nayo ni mji wa kale

Tukitaja majengo ya kale ya Dar es Salaam, vidole vyote vinaelekea baharini: makanisa ya Wajerumani, Boma la Kale, Ikulu. Kariakoo haimo. Huko tunakwenda kufuata mzigo.

Na jina lenyewe tu ni historia tosha. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, waliweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na midomo yetu ikamaliza kazi. Wapagazi wengi wa vita ile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, waliuawa na maradhi kuliko risasi. Baadaye uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi, Uhindini ikae kule, Uswahilini ibaki huku.

Huku kulikuwa na nyumba za vyumba sita. Nimekulia katika mojawapo, kwa bibi. Unaingia kwenye ukumbi mrefu, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, kila chumba na mpangaji wake, na mwisho wa ukumbi mlango wa uani: jiko, choo, kamba za nguo, ugomvi wa zamu ya kufagia. Mbele ni baraza. Kuta za miti na udongo zilipigwa lipu ya chokaa; paa lilianza kwa makuti, likaja madebe, halafu bati. Kwenye nyumba za namna hii ndiko wageni kutoka bara walikojifunza kuwa watu wa mjini, na siasa za TANU, chama kilichopigania uhuru, kilichozaliwa mwaka 1954 pale New Street, leo Lumumba, zilizungumzwa kwenye mabaraza haya.

Ghorofa zilishika kasi baada ya biashara kufunguliwa enzi za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi. Sisi wajukuu tusijifanye tulionewa. Hati ina jina la marehemu, warithi kumi na mmoja, vyumba sita, mtagawana vipi? Anakuja mwenye fedha, anajenga, familia inapewa fremu za maduka na vyumba vya juu, mirathi imekwisha. Fremu moja ikilipiwa kilemba, fedha ya kupata nafasi mbali na kodi, inashinda kodi ya wapangaji wote wa bibi. Ningekuwa mwongo nikisema nilipinga.

Ninachokipinga ni haraka. Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka na watu wakiwa ndani wanafanya biashara, likaua wengi. Viwanja vilipimwa kwa nyumba ya chini, leo vinabebeshwa ghorofa kumi, na jirani anachimba msingi ukutani kwako.

Hata Soko Kuu tumelizoea mno. Lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake la zege limekaa kama miavuli iliyopangwa. Lilipoungua Julai 2021 tulihesabu mali iliyoteketea, na ilikuwa haki. Lakini uliza pale sokoni nani alilichora.

Nyumba chache za vyumba sita bado zipo, zimebanwa katikati ya maghorofa. Jiji linunue moja tu, kwa bei ya soko, si kwa kuwapora wenyewe. Wasiigeuze makumbusho ya vioo na kamba za kuzuia watu. Waweke wapangaji sita, na mama ntilie pale uani. Baraza liachwe wazi. Wapagazi wa mizigo wa leo hawana pa kukaa, drafti wanachezea kwenye ngazi za fremu hadi mwenye duka awafukuze.